Kutetea malezi ya mtoto wako: mwongozo kwa wazazi wa LGBT wa Kisumu, Nakuru na magharibi mwa Kenya

Kesi ya malezi huanza kushindwa mapema sana: siku mtoto alipozaliwa na hakuna aliyeandika chochote, siku mama mzazi alipofariki bila wosia, au usiku wa ugomvi mtu alipotuma ujumbe wa hasira ambao baadaye ulipigwa picha na kuletwa kortini. Kwa mzazi wa LGBT hatari huongezeka, kwa sababu upande wa pili mara nyingi haujisumbui kuonyesha kwamba mtoto ananyimwa chakula au shule. Hutaka tu hakimu aangalie chumba cha kulala cha mzazi. Kazi yako na ya wakili wako ni kuirudisha kesi kwa mtoto kila inapopotoshwa.

Tunawaandikia watu watatu. Wa kwanza ni mama au baba mzazi anayetishwa na aliyekuwa mwenzi wake, au na wakwe, kwamba atanyang'anywa mtoto kwa sababu ya anayempenda. Wa pili ni mzazi mwenza ambaye hakumzaa mtoto lakini ndiye anayemwamsha, kumlipia karo na kumpeleka kliniki. Wa tatu ni yule aliyebaki na mtoto baada ya mwenzake kufa. Sheria haiwatendei watatu hawa sawa, kwa hiyo jua kwanza wewe ni nani kati yao.

Sheria inakupa nini, inakunyima nini

Kifungu cha 45(2) cha Katiba kinampa mtu mzima haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema ndoa ni muungano wa mwanamume na mwanamke. Kwa hiyo wapenzi wa jinsia moja hawawezi kuomba kuasili mtoto kwa pamoja, maana maombi ya pamoja ni ya mume na mke. Sheria ya Watoto ya 2001, iliyotangulia ya sasa ya 2022, ilikwenda mbali zaidi, ikawataja wazi wapenzi wa jinsia moja miongoni mwa watu ambao mahakama ilizuiwa kuwapa mtoto wa kuasili. Tunashauri usianzie huko. Mchakato wa kuasili unachimba maisha ya mwombaji kwa kina, na majibu yako yanabaki kwenye faili.

Kanuni ya Adhabu bado ina vifungu vya 162 na 165. Cha kwanza, kinachohusu kile sheria inachoita ngono kinyume cha maumbile, kina kifungo cha hadi miaka 14, na cha pili, kinachohusu wanaume, miaka 5. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Lakini visome vizuri: vinaadhibu vitendo. Hakuna mstari ndani yake unaosema mzazi anapoteza mtoto kwa sababu ya mwelekeo wake wa kimapenzi.

Upande wako una vifungu vyenye nguvu kuliko watu wengi wanavyodhani. Kifungu cha 53(1)(e) cha Katiba kinawapa baba na mama wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Kifungu cha 53(2) kinasema maslahi bora ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu, na Sheria ya Watoto ya 2022 inarudia hilo katika kifungu cha 8. Kisha tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba ulinzi dhidi ya ubaguzi katika Kifungu cha 27(4) unagusa pia mwelekeo wa kimapenzi. Kesi ile ilihusu usajili wa shirika, wala haikufuta 162 na 165, lakini uamuzi wake unazibana mahakama zote za chini, pamoja na Mahakama ya Watoto ya Kisumu na ya Nakuru. Ombi la mbunge wa Homa Bay Mjini, Peter Kaluma, la kutaka uamuzi huo upitiwe upya lilitupwa Septemba 2023. Mswada wake wa Kulinda Familia, ambao jamaa wengi huutaja wanapotisha, ni mswada. Hakimu hahukumu kwa mswada.

Karatasi za kuandaa kabla ya matata

Anza na cheti cha kuzaliwa. Sajili mtoto ndani ya miezi 6. Baada ya hapo inakuwa usajili wa kuchelewa, wenye maswali na nyaraka zaidi. Aliyezaliwa nyumbani husajiliwa kupitia naibu wa chifu. Fomu ina nafasi ya mama na ya baba tu, na mama wa pili hana mahali pa kuandikwa. Usijaze pengo hilo kwa jina la rafiki wa kiume ili fomu ionekane imekamilika. Kumpa msajili habari za uongo ni kosa la jinai, na mwanamume aliyeandikwa kuwa baba anaweza kesho kudai haki sawa na zako chini ya Kifungu cha 53. Aliyekusaidia kupata mimba kwa makubaliano ya faragha naye yuko hapo hapo: karatasi mliyotia sahihi kwamba hatadai chochote haiifungi mahakama, kwa sababu haki ya kulelewa ni ya mtoto, na ninyi wawili hamwezi kuiuza.

Karatasi ya pili ndiyo muhimu kuliko zote kwa mzazi mwenza, na ndiyo inayokosekana mara nyingi zaidi. Mzazi anaruhusiwa kuteua mlezi wa kisheria atakayechukua nafasi yake akifa, kwa wosia au kwa hati maalum. Taja jina kamili na namba ya kitambulisho cha mlezi, jina la kila mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa, sababu ya kumchagua mtu huyo (anaishi na mtoto tangu mwaka fulani, hulipa karo, mtoto humwita mama), na mlezi wa akiba iwapo wa kwanza hataweza. Sababu ihusu mtoto na mahitaji yake. Hakuna haja ya kueleza uhusiano wenu wa kimapenzi, na ukiueleza umewapa wapinzani silaha. Kama mzazi mwingine yu hai, mlezi uliyemteua atafanya kazi pamoja naye. Wakikosana, mahakama itaamua.

Wosia wa maandishi unahitaji sahihi yako na mashahidi wawili walioona ukitia sahihi, au waliosikia ukikiri kwamba sahihi ni yako. Hapa ndipo watu hukosea: humfanya mwenza awe shahidi, kwa kuwa ndiye aliye karibu. Shahidi anayeachiwa mali katika wosia hupoteza alichoachiwa, isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili wasiohusika. Tafuta jirani na mfanyakazi mwenzako, watu watakaopatikana miaka kumi ijayo. Wosia wa mdomo una nguvu ukitamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi na msemaji akafa ndani ya miezi 3; usiutegemee.

Mali ya kumlelea mtoto ipangwe wakati huo huo. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, umiliki wa pamoja unaomwachia aliyebaki sehemu yote ni wa mume na mke, isipokuwa kwa ruhusa ya mahakama. Wanawake wawili walionunua ploti Mamboleo au Kiamunyi wataandikishwa kila mmoja na sehemu yake, na sehemu ya marehemu itaingia kwenye urithi, yaani mikononi mwa ukoo wake kama hakuna wosia. Fomu ya kuteua mrithi katika sacco nayo iangalieni tena. Wengi waliandika jina la kaka yao walipoajiriwa na hawajaigusa tangu hapo.

Ya tatu ni hati ya kiapo ya ridhaa, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mzazi mwenza, iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo. Iseme kwamba mtoto anaishi na fulani, na kwamba fulani ana ruhusa ya kumpeleka hospitali, kuidhinisha matibabu, kumwandikisha shule na kusafiri naye. Sababu ya kuitaka mapema ni hii: mtu asiye mzazi wala mlezi wa kisheria anaweza kuomba malezi akiwa na ridhaa ya mzazi, na akiwa amekaa na mtoto miezi 3 kabla ya maombi. Asiye na ridhaa hiyo bado anaweza kuomba, ila itambidi amweleze hakimu kwa nini apewe, na hapo mzigo ni mzito zaidi.

Halafu jenga faili la kila siku. Kadi ya kliniki yenye tarehe za chanjo. Fomu ya shule iliyokuandika kuwa mlezi. Barua ya mwalimu wa darasa inayosema nani huhudhuria mikutano ya wazazi. Karo ukilipa kwa paybill, namba ya mtoto shuleni iwe ndiyo akaunti, ili taarifa ya M-Pesa ijieleze yenyewe. Chukua taarifa kamili kila mwaka uichapishe, kwa sababu ujumbe wa simu hupotea na simu. Ukilipa taslimu, risiti iandikwe jina lako, siyo la mtoto peke yake. Nakala moja ya faili ikae nyumbani, nyingine kwa wakili au kwa ndugu unayemwamini. Nyumba ikivunjwa au ukifukuzwa usiku, faili lililo ndani huenda nalo.

Kuhusu ndoa ya wanawake ya kimila

Wanandi, Wakipsigis, Wakuria na Abagusii wana desturi ya mwanamke kumwoa mwanamke ili nyumba yake ipate watoto, na watoto hao ni wa nyumba ya aliyeoa. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo ya Kinandi katika kesi ya urithi. Wengine hutuuliza kama wanaweza kuitumia. Kama sherehe ilifanyika kweli, mahari ikatolewa na wazee wapo wa kushuhudia, mwambie wakili wako mara moja, kwa kuwa inagusa urithi na nafasi ya watoto. Kama haikufanyika, usiibuni. Wazee wataitwa, uongo utaonekana, na hata ushahidi wako wa kweli hautaaminiwa tena. Kumbuka pia kwamba wenye desturi hiyo huieleza kuwa mpango wa nyumba na uzao, nao watakana kwa nguvu kwamba inahusu mapenzi.

Mtoto akichukuliwa, au ukishtakiwa

Siku ya kwanza nenda kituo cha polisi ukaandikishe tukio na upate namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Aliyemchukua akiwa mzazi, polisi wengi watakuambia hayo ni mambo ya familia. Usigombane nao. Chukua namba yako uende kwa Afisa wa Watoto wa kaunti ndogo anayoishi mtoto. Usiende na kundi la marafiki kumchukua mtoto kwa nguvu; picha za siku hiyo zitakuwa kielelezo cha kwanza dhidi yako. Kama mtoto yuko hatarini usiku, piga 116, simu ya bure ya watoto.

Kesi hufunguliwa katika Mahakama ya Watoto ya eneo anakoishi mtoto. Unahitaji hati ya madai, hati ya kiapo ya kuithibitisha, taarifa za mashahidi na orodha ya nyaraka, na pamoja nazo ombi la haraka lenye hati ya dharura, ukitaka agizo la muda wakati kesi inaendelea. Agizo hilo la muda lina uzito kuliko linavyosikika. Kesi huchukua miezi, na mtoto aliyekwisha kuzoea mahali fulani hakimu huona shida kumhamisha. Omba pia agizo kwamba mtoto asitolewe katika kaunti bila ruhusa ya mahakama, ukihofia kwamba atapelekwa kwa jamaa Busia na kuvushwa mpaka.

Katika hati ya kiapo eleza usingizi, chakula, shule, afya, na nani hubaki na mtoto ukiwa kazini. Usiape lolote kuhusu vitendo vya ndani ya chumba. Una haki ya kutojitia hatiani, na hati ya kiapo inaweza kusomwa mahali pengine. Lakini usidanganye. Kama kuna mtu mzima mwingine nyumbani, sema yupo, taja anavyosaidia malezi, ukomee hapo. Hakimu husamehe mengi kuliko uongo ulioapwa.

Mahakama kwa kawaida huagiza ripoti ya Afisa wa Watoto, na ripoti hiyo mara nyingi ndiyo huamua. Afisa ataangalia mahali mtoto analala, umbali wa shule, kipato, majirani. Ataongea na mtoto. Mtoto asifundishwe majibu. Maafisa hawa wamehoji watoto wengi, na sentensi ya mtu mzima katika kinywa cha mtoto wa miaka sita huitambua haraka. Kama afisa ameandika dini au maoni yake badala ya aliyoyaona, wakili aombe aitwe kuhojiwa juu ya ripoti. Usingoje hukumu ndipo ulalamike.

Sasa hoja watakayokuletea. Mahakama za Kenya kwa muda mrefu zimeelekea kumwachia mama mtoto wa chini ya miaka 10, isipokuwa kuna sababu za kipekee, na miongoni mwa sababu hizo majaji wamewahi kutaja mwenendo wa aibu wa mama. Hapo ndipo mpinzani atapenyeza maisha yako. Jibu lake ni kudai ushahidi wa madhara kwa mtoto huyu mwenye jina na umri: amepungua uzito? alama zimeshuka? ameumizwa na nani, lini? Wakili asimame juu ya Vifungu vya 27, 28 na 53 vya Katiba na uamuzi wa Februari 2023, kisha aongeze kesi za nje kama mwongozo, maana hazimfungi hakimu wa Kenya. Mwaka 1999 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema Ureno ilimbagua baba aliyenyimwa malezi kwa sababu ya mwelekeo wake, katika kesi ya Salgueiro da Silva Mouta. Tarehe 24 Februari 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliihukumu Chile katika kesi ya Atala Riffo, mama wa wasichana watatu, ikikataa kwamba dhana za watu kuhusu madhara zinaweza kuchukua nafasi ya ushahidi. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliruhusu wapenzi wa jinsia moja kuasili kwa pamoja mwaka 2002, na mwaka 2003 ikaamuru wanawake wawili wote wasajiliwe kuwa wazazi wa watoto wao.

Baba anayependa wanaume yuko katika hali ngumu zaidi mtoto akiwa mdogo, na ni heri akubali hilo mapema. Ombi linaloaminika kwake ni uamuzi wa pamoja kuhusu shule, dini na matibabu, pamoja na ratiba ya kukaa na mtoto yenye siku na saa: wikendi zipi, likizo nusu kwa nusu, nani hulipa nauli. Ombi lisilo na ratiba hupata agizo lisilotekelezeka.

Picha za WhatsApp na Facebook zitaletwa. Chini ya Sheria ya Ushahidi, nakala ya kielektroniki inahitaji cheti cha kifungu cha 106B kinachoeleza ilivyotolewa na kifaa kilichotumika. Zisizo na cheti zipingwe pale pale zinapoletwa. Kama zilipatikana kwa kuvunja simu yako, Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha na cha 50(4) kinaruhusu ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki kukataliwa. Mwelekeo wa kimapenzi ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Vitisho vya kukutangaza kanisani au kazini viandikwe tarehe na maneno yaliyotumika. Vinaweza kuzaa ombi la agizo la ulinzi chini ya Sheria ya Ulinzi dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya 2015.

Kesi za watoto husikizwa faraghani na majina hufupishwa kwa herufi. Mwombe wakili ahakikishe hati zako nazo zimefupishwa, na wewe mwenyewe usiandike lolote mtandaoni kuhusu kesi. Ukipelekwa kwenye upatanisho, nenda. Yanayosemwa pale ni siri, na makubaliano yakiingizwa kuwa agizo la mahakama yana nguvu sawa na hukumu. Makubaliano ya mdomo mbele ya wazee au chifu hayana nguvu hiyo.

Mwenza akifa

Wiki ya matanga ndiyo ya hatari. Watoto hupelekwa nyumbani kwa mazishi na hawarudi. Kabla ya safari, mkabidhi wakili wosia au hati ya ulezi, na kama una wasiwasi, ombi la dharura lifunguliwe kabla ya mwili kutoka mochari. Kijitabu cha mazishi nacho kisomeni kabla hakijachapishwa. Mtoto ambaye jina lake halimo katika orodha ya walioachwa na marehemu atatakiwa baadaye kueleza kwa nini, kwa kuwa vijitabu hivyo hupelekwa kortini katika kesi za urithi. Pasipo wosia, faili la urithi huanza na barua ya chifu inayotaja warithi, na chifu huandika anachoambiwa na familia.

Sheria ya Urithi ina tofauti ambayo wengi hawaijui. Kwa mwanamume, mtoto wake ni pamoja na yule aliyemkubali kuwa wake au aliyejitwika jukumu lake la kudumu. Kwa mwanamke aliyekufa sheria haisemi hivyo. Mtoto ambaye hakumzaa atadai chini ya kifungu cha 29, kama mtoto aliyechukuliwa katika familia na aliyekuwa akitunzwa na marehemu hadi kifo chake. Hapo ndipo lile faili la risiti linapohitajika. Wewe mwenyewe, kama mwenza, huna fungu bila wosia.

Watu wa ukoo wakidai kwamba kimila mtoto ni wao, Kifungu cha 2(4) cha Katiba kinabatilisha mila inayopingana nayo. Hata hivyo mila za jamii ya mtoto ni miongoni mwa mambo ambayo mahakama huzingatia, kwa hiyo shangazi mmoja wa marehemu aliye tayari kuapa kwamba mtoto anatunzwa vizuri kwako na huletwa nyumbani Krismasi ana thamani kuliko kesi kumi za Ulaya. Uhusiano huo ujengwe mapema, wenza wote wawili wakiwa bado hai.

Mzazi aliyebadili jina au jinsia

Kubadili jina kwa hati rasmi (deed poll) hakuondoi uzazi wako. Cheti cha mtoto kitabaki na jina la zamani, kwa hiyo tembea na nakala ya hati hiyo pamoja na tangazo lake katika Gazeti Rasmi la Serikali, hasa hospitalini na shuleni. Katika kila hati ya mahakama andika majina yote mawili.

Wapi pa kupata msaada

Kisumu kuna FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, kwa akina mama, KELIN, shirika la sheria na haki za afya, ofisi ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, na NYARWEK, mtandao wa makundi ya LGBT wa magharibi mwa Kenya, unaojua mawakili wasiokudharau. NGLHRC, shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji walioshinda kesi ya 2023, wako Nairobi na hutoa ushauri wa kisheria. Asiye na pesa aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, au aulize kwenye masjala ya korti kuhusu kusamehewa ada. Unapompigia wakili mara ya kwanza, muulize amewahi kushughulikia kesi ngapi za watoto na kama ataweza kulitetea jambo lako bila kukuhubiria. Akisita, tafuta mwingine siku hiyo hiyo.

Hukumu ikikuendea vibaya, una siku 30 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Rufaa peke yake haisimamishi agizo. Ombi la kulisitisha hupelekwa tofauti, na liwe tayari limeandikwa siku ya hukumu. Omba nakala ya hukumu iliyothibitishwa kabla hujatoka nje ya jengo.